MGONJWA WA MOYO ASITOKE WODINI BILA MAFUNZO

Katika wodi za hospitali zetu yuko mgonjwa ambaye wauguzi wanamfahamu kwa jina na kwa sura, kwa kuwa hurudi mara kwa mara. Huletwa akihema, miguu imevimba, hawezi kulala ila kwa kuegemea mito. Hudungwa sindano ya kupunguza maji mwilini, hupata nafuu, huruhusiwa kwenda nyumbani na bahasha ya vidonge. Baada ya wiki chache yuko tena mlangoni. Jamaa zake husema ana "moyo mkubwa", na wengine huanza kunong'ona habari za uchawi.

Ukweli ni kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, na mara nyingi kilichouchosha ni shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila kutibiwa. Utafiti juu ya wagonjwa wa aina hii katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2014, ulionyesha kuwa presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikubwa kuliko vyote, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 55 hivi. Huo ni umri wa mtu ambaye bado analima, anasomesha watoto na kutegemewa na ukoo.

Dawa za maradhi haya zipo na zinafaa. Kinachokosekana ni mafunzo. Siku ya kuruhusiwa, daktari huandika cheti, dawa hutolewa dirishani, na muuguzi aliyekesha na mgonjwa hana hata dakika kumi za kuketi naye, maana wengine wanamngoja.

Basi mgonjwa huondoka bila kujua kwamba vidonge vya presha haviachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Presha huweza kupanda bila dalili yoyote. Hajui kwamba akiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, hayo ni maji na wala si unene, na asingoje kuvimba ndipo aende kituoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Naye hula samaki wa ng'onda na kuongeza chumvi mezani. Hajui kwamba vidonge vya maumivu kama diklofenaki, anavyonunua dukani kwa ajili ya magoti, huzuia maji mwilini. Na siku ya safari huacha kabisa dawa ya kukojosha kwa kuhofia aibu ndani ya basi, ilhali muuguzi angemweleza jinsi ya kusogeza saa ya kuimeza.

Wako watakaosema kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, nasi hatulipuuzi jambo hilo. Lakini mgonjwa anayelazwa mara tatu kwa mwaka huchukua muda mwingi zaidi wa wauguzi hao hao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena uwezo tumekwisha kuuonyesha. Tangu mwaka 2004, mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ulipoanza, mwenye virusi hivyo amekuwa na kadi yake, tarehe yake ya kurudi, na mshauri wa kuzungumza naye, asipofika, hutafutwa. Mama mjamzito naye ana kadi yake na hupimwa uzito na presha. Kwa nini mgonjwa wa moyo aridhike na bahasha ya vidonge?

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa hospitali watimize mambo matatu. Kwanza, mgonjwa wa moyo asiruhusiwe kutoka mpaka muuguzi amemfundisha, yeye pamoja na mpishi wake, na kuhakikisha wameelewa. Pili, apewe kadi yenye uzito wake, dawa zake na siku ya kurudi. Tatu, wenye mizani nyumbani ni wachache, kwa hiyo zahanati iliyo karibu naye imruhusu kupanda mizani ile ile ya mama wajawazito na kupimwa presha bila kupanga foleni ya wagonjwa.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Chungu kisipikwe mara mbili, kimoja cha mgonjwa na kingine cha wazima. Familia nzima ile chakula chenye chumvi kidogo, na kila mtu mzima aende kupimwa presha angali anatembea kwa miguu yake.

Wauguzi wetu husifiwa sana kila tarehe 12 Mei, siku yao duniani kote. Sifa hizo wanastahili. Lakini wapewe pia zile dakika kumi.