Afya ya Jamaa: Baridi ya Chumba cha Kupasulia



Leo tutaingia mahali ambapo watu hawapendi kuingia, na wengi wa wale wanaoingia hawaoni lolote, kwa maana wamelala usingizi wa dawa: ndicho chumba cha kupasulia wagonjwa.

Jamaa nyingi zimekwisha kuona jambo hili. Mama amepasuliwa ili mtoto wake azaliwe, au baba ametibiwa ngiri. Daktari amemaliza kazi yake vizuri. Mgonjwa anarudishwa kitandani, na tazama, anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, mikono imekuwa baridi kama maji ya mto. Ndugu waliokuja kumlinda wanaingiwa na hofu. Mmoja anasema: «Ni malaria.» Mwingine anasema: «Damu imemwisha.» Wa tatu ananong'ona kwamba yuko adui aliyemtupia kitu kibaya. Yafaa kumwita mwuguzi mara moja, naye atapima na kuangalia kidonda. Lakini mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko hizo zote: mgonjwa amepoa. Joto lake limeshuka alipokuwa amelala, na sasa mwili umeamka na kujaribu kulirudisha kwa kutetemeka.

Je, baridi hiyo ni jambo dogo? Sivyo. Tuone kwa nini.

1. Jinsi mwili unavyolinda joto lake

Joto la ndani ya mwili wa mtu mzima mwenye afya ni karibu digrii 37. Ndani, maana yake ni katika moyo, ubongo, ini na matumbo. Mikono, miguu na ngozi ni baridi zaidi kidogo, kwa kawaida digrii 2 hadi 4 chini ya hapo. Mwili ni kama nyumba yenye chumba cha ndani na baraza. Moto huwashwa chumbani. Barazani joto hufika kidogo tu.

Milango kati ya chumba na baraza ni mishipa midogo ya damu iliyo katika mikono, miguu na ngozi. Hewa ikiwa baridi, mishipa hiyo hujifunga, na damu yenye joto hubaki ndani. Baridi ikizidi, misuli huanza kutetemeka ili kutengeneza joto jipya. Hewa ikiwa na joto kali, mishipa hufunguka na jasho hutoka. Ubongo ndio mlinzi wa milango hiyo, naye ni mwangalifu sana: joto la ndani likipanda au kushuka hata sehemu ndogo ya digrii moja, yeye hutoa amri.

2. Dawa ya usingizi hufungua milango

Dawa ya kumlaza mgonjwa haimwondolei maumivu tu. Humlaza na mlinzi pia. Sasa joto linaweza kushuka digrii 2 au hata 4, na ubongo usitoe amri yoyote. Mishipa iliyokuwa imefungwa hufunguka, damu ya moto hutoka chumbani kwenda barazani, na damu baridi ya miguu na mikono hurudi ndani. Kwa sababu hiyo, katika saa ya kwanza tu joto la ndani hushuka digrii 1 au 1 na nusu.

Wanafunzi wa shule watafahamu vizuri kwa hesabu. Chukua vikombe 4 vya maji yenye digrii 37. Hivyo ni chumba cha ndani. Chukua vikombe 2 vya maji yenye digrii 34; hivyo ni mikono na miguu. Vimimine vyote katika chungu kimoja. Mara 4 kwa 37 ni 148, mara 2 kwa 34 ni 68, jumla 216. Gawanya kwa vikombe 6: utapata digrii 36. Tazameni, hata ikiwa hakuna joto lililopotea hewani, chumba cha ndani kimepoteza digrii nzima. Joto limehama tu.

Sasa fanyeni hesabu ya pili. Kabla ya kuchanganya, vile vikombe 2 vilikuwa vimepashwa moto hadi digrii 36. Basi 148 na 72 ni 220; gawanya kwa 6, utapata karibu digrii 36.7. Hasara imepungua sana. Ndiyo maana waganga wa leo husema: mpashe mgonjwa joto kabla hajalazwa. Baraza ikiwa na joto, hainyang'anyi chumba.

Baadaye joto hupotea hewani kweli. Mgonjwa amevuliwa nguo. Ngozi imeoshwa kwa dawa ya maji, na maji yanapokauka huchukua joto. Tumbo likifunguliwa, unyevu wa ndani hutoka na joto lake. Tena maji ya seromu yanayotiwa mshipani yana baridi ya chumba: litra moja tu hupunguza joto la mtu mzima kwa karibu robo ya digrii. Madaktari nao, waliovaa kanzu nzito chini ya taa, mara nyingi hupenda chumba kiwe baridi.

Mtu mmoja atasema: «Hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi tu watu wa nchi ya joto.» Ndugu, usijidanganye. Kule Bukavu, Butembo na Lubero, milimani, kila mtu anajua baridi ya asubuhi. Na Lubumbashi usiku wa mwezi wa sita na wa saba unadai blanketi. Lakini hata Kindu au Kisangani, penye joto jingi, mgonjwa hupoa vilevile, kwa sababu mwanzo wa baridi hii ni dawa, wala si hali ya hewa. Na chumba chenye mashine ya kupoza hewa huzidisha hasara.

Tuseme neno pia juu ya sindano ya mgongo, ambayo hutumiwa kwa mama wengi wanaopasuliwa ili kuzaa. Mama yu macho, anaongea, lakini sehemu ya chini ya mwili imelala. Mishipa ya miguu imefunguka, naye huweza kusikia miguu ina joto zuri, kumbe ndani anapoa. Kwa hiyo neno lake, «Sisikii baridi», halitoshi. Kipimajoto ndicho kinachosema kweli.

3. Hasara ya baridi hiyo

Waganga husema mtu amepoa joto la ndani likishuka chini ya digrii 36. Mtu aliyepoa sana huona taabu nyingi. Damu yake haigandi vizuri, hivyo anatokwa na damu zaidi. Dawa za usingizi hukaa mwilini muda mrefu, naye anachelewa kuamka. Akitetemeka, mwili hutumia oksijeni nyingi, na moyo wa mzee au wa mwenye ugonjwa wa moyo hulemewa.

Lakini hasara iliyoonyeshwa wazi kuliko nyingine ni kidonda kuoza. Mwaka 1996 ulitangazwa uchunguzi uliofanyika katika nchi ya Austria, kwa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Kundi moja lilipashwa joto kwa hewa moto na seromu iliyopashwa. Kundi lingine liliachwa lipoe kama ilivyokuwa desturi. Wale waliopashwa joto walimaliza wakiwa na digrii 36.6, wale wengine digrii 34.7. Matokeo yalikuwa haya: kati ya wagonjwa 96 waliopoa, 18 walipata usaha kidondani, kati ya 104 waliopashwa joto, ni 6 tu. Tena waliopoa walikaa hospitalini karibu siku 15, na wengine siku 12.

Kwa nini baridi huleta usaha? Kwa sababu mwili uliopoa hufunga mishipa ya ngozi, na kidonda hupata damu kidogo na oksijeni kidogo. Askari weupe wa damu, ambao kazi yao ni kuua vijidudu, hawana nguvu pasipo oksijeni. Adui anaingia mjini wakati askari wana njaa.

Ni haki kueleza pia uchunguzi wa karibu zaidi. Mwaka 2022 walitangaza habari za wagonjwa zaidi ya 5,000 wa China na Marekani. Wengine waliwekwa kwenye digrii 37, wengine kwenye 35.5. Madhara ya moyo na usaha wa vidonda havikutofautiana. Basi, tusishikwe na hofu kwa kila nusu digrii. Hatari iko pale mgonjwa anapoachwa ashuke zaidi, digrii 35 au 34, pasipo mtu kumpima wala kumfunika. Jambo kubwa ni kumlinda asishuke hivyo.

4. Kazi ya hospitali

Shirika la Afya la Ulimwengu, katika shauri lake la mwaka 2016 juu ya kuzuia usaha wa vidonda vya upasuaji, limependekeza wagonjwa wapashwe joto. Penye mali kuna mashine inayopuliza hewa moto ndani ya blanketi jepesi juu ya mgonjwa. Penye umaskini, kazi nyingi njema hazidai mashine. Madirisha yafungwe. Kifaa cha kupoza hewa kizimwe mpaka mgonjwa afunikwe. Chumba kisiwe chini ya digrii 21 akiwa uchi. Sehemu isiyopasuliwa ifunikwe, na kichwa pia. Maji mengi ya mshipa yapashwe hadi digrii 37 kwa chombo kinachopimwa, si kwa kubahatisha. Na joto la mgonjwa lipimwe kabla, kisha kila nusu saa, na tena kabla hajaondoka. Kipimajoto ni kitu kidogo, lakini asiyepima hajui kitu.

5. Kazi ya jamaa

Katika nchi yetu mgonjwa hafiki hospitalini peke yake. Mama, dada au shangazi hulala karibu naye, humpikia na kumwosha. Basi hao ndio wanaoweza kumsaidia sana.

Kwanza, leteni blanketi safi na kavu, kofia na soksi. Mgonjwa anayengojea zamu yake barazani kwa saa nzima akiwa na shuka moja, ameanza kupoa kabla ya dawa. Mfunikeni vizuri, hasa katika nusu saa ya mwisho. Akisikia baridi, mwambieni mwuguzi kwa heshima na bila haya.

Pili, anaporudi, angalieni kama shuka au nguo yake imelowa. Ikiwa imelowa, ombeni ibadilishwe. Mfunikeni mpaka shingoni, kichwa nacho, lakini uso ubaki wazi ili mwuguzi auone na pumzi ipite.

Tatu, na neno hili walishike watu wote: msiweke chupa ya maji ya moto, wala jiwe la moto, karibu na mwili wake. Sisi tulio macho, kitu kikituunguza tunajiondoa. Aliyelala kwa dawa, au aliyechomwa sindano ya mgongo, hasikii. Ngozi yake itaiva naye yu kimya. Ndugu waliotaka kumpa joto wanamwachia kidonda cha pili. Wala msiingize mbabula ya makaa chumbani ili kupasha hewa. Moshi wake usioonekana huua watu wanaolala, na moto karibu na oksijeni ni hatari kubwa.

Nne, mjue kutofautisha. Kutetemeka katika saa ya kwanza baada ya kupasuliwa, mwili ukiwa baridi, mara nyingi ni kupoa. Kutetemeka siku ya tatu au ya tano, mwili ukiwa moto, ni homa: huenda ni malaria, huenda ni usaha. Hapo hakuna blanketi litakalotibu. Mwiteni mwuguzi siku ile ile.

Tano, msimsahau mtoto. Mtoto aliyezaliwa kwa kupasuliwa ametoka penye joto la mama akiwa amelowa, naye hana mafuta mengi ya kumkinga. Joto lake lapaswa kuwa kati ya 36.5 na 37.5, na chumba anachozaliwa kiwe na digrii 25 au zaidi. Akaushwe mara moja, avikwe kofia, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa pamoja. Kama mama hawezi bado, baba au bibi aweza kumshika hivyo. Na kuoga kungoje: Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri saa 24. Mabibi wengi watanung'unika wakiona mjukuu hajaoshwa. Waelezeni kwa upole kwamba uchafu wa kuzaliwa haumdhuru mtoto. Baridi ndiyo inayomdhuru.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baridi ya chumba cha kupasulia ni ufa wa namna hiyo. Kuuziba kunadai blanketi, kipimajoto na macho yanayoangalia. Kuuacha kunadai siku nyingi za hospitali, dawa za bei kali, na shamba linalolala bila mlimaji.

Basi, jamaa iliyo na ndugu atakayepasuliwa, itayarishe leo blanketi moja safi, ilifue, ilianike juani, ilikunje, na kuliweka pamoja na karatasi zake za hospitali. Siku ya kazi ikifika, mlinzi wa mgonjwa amwulize mwuguzi maneno mawili tu: «Joto lake ni digrii ngapi? Je, naweza kumfunika sasa?»