Filamu za mashujaa: yule aliyeanguka ana mama?



Kwenye mikutano ya vikundi, swali moja linarudi kila mara: hizi filamu za Batman, Spider-Man na Avengers ambazo watoto wanaangalia kwenye simu na kwenye vyumba vya video, ni mchezo tu ao zinawaharibu? Wamama wengine wanasema: acha mtoto afurahi, anajua ni uongo. Wengine wanasema: zima kila kitu. Jibu la kwanza mimi sikubaliane nalo. La pili ni gumu, kwa sababu ukizima simu yako, mtoto ataangalia kwa jirani. Basi leo tutazame vizuri ni jeuri ya namna gani iko ndani ya filamu hizi, kusudi kila mama ajue la kumwambia mtoto wake.

Kwanza, zimetoka wapi? Mashujaa hawa walizaliwa Marekani katika vitabu vya michoro, vile tunavyoviita BD. Superman alitokea mwaka wa 1938, Batman mwaka wa 1939. Tangu zamani wazazi walikuwa na wasiwasi juu ya vitabu vile. Ufaransa ilitunga sheria mwaka wa 1949 ya kuchunguza vitabu na magazeti ya watoto. Kule Marekani, mwaka wa 1954, wachapishaji wenyewe walijiwekea kanuni juu ya damu na mauaji, kwa sababu wazazi na wabunge walikuwa wamekasirika. Kwa hiyo, mama, wasiwasi wako si ushamba. Wazazi wa kule waliuona mbele yetu.

Lakini kitabu cha michoro na filamu havipigi namna moja. Kwenye kitabu, ngumi ni picha iliyosimama, na mlio wake umeandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto anasoma kwa mwendo wake. Akiogopa, anafunga kitabu. Hata ile Batman ya televisheni ya mwaka wa 1966 ilifanya vile: mtu akipigwa, neno la mlio linaandikwa juu ya picha, na kila mtu anajua ni mchezo. Filamu za leo zimeondoa maneno yale. Mtoto anasikia mfupa unavunjika, anaona jengo la kweli linaanguka, na hana nafasi ya kupumua kabla ya pigo lingine.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Filamu nyingi za mashujaa zimepewa kule Marekani alama ya PG-13. Alama ile ilianzishwa mwaka wa 1984, na maana yake ni kuonya wazazi kwamba kuna mambo yasiyofaa watoto walio chini ya miaka 13. Anayetengeneza filamu anaitafuta sana alama hiyo, kwa sababu inamruhusu kuuza tikiti kwa vijana wengi. Na ili aipate, anachunga damu. Hachungi sana idadi ya watu wanaopigwa, anachunga damu isionekane mno.

Angalieni matokeo. Katika The Avengers ya mwaka wa 2012, vita inapiganwa katikati ya New York, lakini adui ni viumbe kutoka angani. Katika Age of Ultron ya mwaka wa 2015, adui ni mashine. Kiumbe wa angani na mashine hawana damu kama yetu, basi wanaweza kukatwa na kupasuliwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Katika Infinity War ya mwaka wa 2018, nusu ya viumbe vyote vya ulimwengu vinakufa, na vinageuka vumbi. Hakuna maiti, hakuna wa kuzika.

Hata binadamu akiuawa, kamera inajua kugeuka. Katika The Dark Knight ya mwaka wa 2008, Joker anasimamisha kalamu ya risasi juu ya meza, kisha anagonga kichwa cha mtu mmoja juu yake. Mtu anaanguka. Tone la damu halionekani, na tukio limepangwa kama mzaha. Filamu ile ilipata PG-13 kule Marekani, na Uingereza iliruhusu hata mtoto aliye chini ya miaka 12 aingie akiwa na mtu mzima. Wazazi wengi wa Uingereza walilalamika.

Mimi ninaiita jeuri iliyooshwa. Mama akipita nyuma ya mtoto na kutazama kidogo, haoni kitu kibaya, anaendelea na sufuria yake. Lakini mtoto amekaa saa mbili akifundishwa kwamba mtu anaweza kupigwa ukutani akasimama, mji unaweza kuanguka na kesho maisha yanaendelea, na aliyekufa hana jina, hana nyumba, hana mama.

Sisi wa Kivu tunajua si hivyo. Tunajua risasi moja inaacha nini: mjane, deni la hospitali, mtoto anayekatisha masomo, familia inayohama na godoro kichwani. Ndiyo sababu uongo huu unatugusa kuliko wale walioutengeneza.

Katika mafunzo ya ualimu tulisoma kazi ya Albert Bandura, mtaalamu wa saikolojia kule Marekani. Mwaka wa 1965 alionyesha watoto wadogo filamu ya mtu mzima anayepiga mwanasesere mkubwa wa kupuliziwa hewa. Kikundi kimoja kiliona yule mpigaji anapewa zawadi. Cha pili kiliona anaadhibiwa. Cha tatu hakikuona kitu chochote kikimfuata. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine. Lakini wale wasioona matokeo yoyote waliiga karibu sawa na wale walioona zawadi. Kisha Bandura akawaahidi watoto wote zawadi kama wataonyesha waliyoyaona, na hata wale walioona adhabu waliweza. Maana yake, wote walikuwa wamejifunza. Tofauti ilikuwa nani anathubutu.

Mwanasesere si mtu, na filamu moja haimgeuzi mtoto kuwa mwuaji. Tusitishane. Lakini somo hilo ni la kukumbuka: pale ambapo hakuna linalofuata, mtoto anaona kama ameruhusiwa.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wengi hawalijui. Si kila filamu yenye shujaa na vazi la rangi ni ya watoto. Deadpool ya mwaka wa 2016, Logan ya mwaka wa 2017, Joker ya mwaka wa 2019, na Deadpool & Wolverine ya mwaka wa 2024, zote zilipewa alama ya R. Kule kwao, kijana aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi ao mtu mzima anayemsimamia. Kwetu, yule anayejaza filamu kwenye karte memori haulizi umri wa mtu. Anaona Wolverine kwenye picha, anamwekea mtoto wa miaka 9 pamoja na katuni.

Kick-Ass ya mwaka wa 2010 ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ndani yake kuna binti wa miaka 11 ambaye baba yake amemfundisha bunduki na visu. Anaua watu wengi, huku muziki wa furaha unapigwa. Waliotengeneza walitaka watu wacheke, kwa sababu kwao mtoto mwenye silaha ni kichekesho, ni kitu kisichowezekana. Hapa kwetu ni watoto wa majirani. Wako waliotoka msituni na leo wanakaa darasani pamoja na wenzao. Logan pia ina binti wa umri kama ule anayeua, lakini yenyewe angalau inaonyesha kwamba waliomfanya hivyo walimwibia utoto wake. Hata hivyo, si ya watoto.

Sitaki mfikiri kwamba filamu zote ni sawa. Ziko zinazouliza swali letu, na mama anaweza kuzitumia.

Katika Man of Steel ya mwaka wa 2013, Superman na Zod wanapigana mpaka majengo ya mji yanaanguka. Mwishoni Superman anamvunja Zod shingo ili kuokoa familia moja, na baadaye analia kwa uchungu. Lakini walio chini ya majengo hawakuliliwa. Miaka mitatu baadaye, filamu iliyofuata, Batman v Superman, ilirudia siku ileile ikiwa imeangaliwa kutoka chini, kwenye vumbi. Bruce Wayne anakuta msichana mdogo, anamwuliza mama yake yuko wapi. Mtoto ananyosha kidole kwenye jengo lililobomoka.

Katika Captain America: Civil War ya mwaka wa 2016, mama mmoja anamfuata Tony Stark, yule Iron Man, na kumkabidhi picha ya kijana wake. Alikufa katika mji ambao mashujaa walisema wanauokoa. Mama hapigi mtu, hana vazi la chuma, lakini baada ya maneno yake Stark hakai tena kama mbele. Ni tukio fupi, na mtoto anayesubiri ngumi analipita. Simamisha hapo.

Na katika Black Panther ya mwaka wa 2018, mwanzoni, T'Challa anavamia msafara wa watu wenye silaha katika msitu wa Sambisa kule Nigeria, ambao wamebeba wanawake walioibwa. Anapotaka kumpiga mmoja wao, Nakia, anayechezwa na Mkenya Lupita Nyong'o, anamzuia: huyu ni mtoto tu, naye pia aliibwa. Shujaa anashusha mkono. Kijana anaachiliwa pamoja na wale wanawake. Katika filamu zote nilizotaja leo, dakika ile ndiyo inayotuhusu zaidi. Inamwambia mtoto wetu kwamba aliyebeba bunduki anaweza kuwa na mama anayemngoja, na kwamba nguvu ya kweli ni pia kujua wakati wa kutopiga.

Basi tufanye nini nyumbani? Ninapendekeza haya.

Moja: jua kilicho ndani ya simu. Siku ya posho, mwambie mtoto akuonyeshe filamu zote za karte memori, moja kwa moja, bila hasira. Zile za R nilizotaja, ziondoe, na umweleze sababu.

Mbili: angalia naye, hata dakika 20 huku unachambua maharagi. Filamu zetu nyingi zina msimulizi anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti. Wengine wao wakiona mtu anakufa wanatia mzaha, wanacheka. Mtoto anacheka pamoja nao. Ukiwa pale, sauti yako inaingia pia.

Tatu: uliza maswali matatu, si zaidi, usije ukageuza filamu kuwa mtihani. Yule aliyeanguka alikuwa nani, ana mama? Nani atajenga tena nyumba ile? Kulikuwa na njia nyingine? Darasani niliuliza la pili juu ya Avengers. Wanafunzi wa mwaka wa tano walinyamaza kwanza, kisha mmoja akasema: wale wafanyakazi wanaozoa mawe, hatuwaone kamwe. Tangu pale mazungumzo hayakuisha mpaka kengele.

Ine: zungumzeni kama kikundi na mwenye chumba cha video wa kartiye yenu. Mama mmoja akienda pekee atachekwa. Wamama kumi na watano wakienda kwa heshima, wakiomba kwamba mchana, watoto wanapotoka masomo, zisionyeshwe filamu za watu wazima, atasikiliza, kwa sababu watoto wenu ndio wanaomlipa.

Tano, na hili ni zito: mtoto aliyeona vita kweli si sawa na wengine. Kama baada ya filamu hapati usingizi, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, anashtuka kwa mlango tu, ao anarudia mchezo uleule wa kuua kila siku bila kufurahi, usimpige, usimcheke. Ondoa filamu, mkae pamoja, umwache aseme. Kisha mpeleke kwa mwuguzi wa kituo cha afya ao kwenye nyumba ya kusikiliza iliyo karibu nanyi. Wako wamama pale wanaojua kusikiliza watoto.

Nimesikia wababa wengine wakisema: mwacheni kijana azoee jeuri, dunia ni ngumu. Ninawajibu kwa heshima kwamba jeuri anaijua tayari. Asichokijua ni kwamba aliyepigwa anaumia hata kama kamera imegeuka, na hilo atalisikia kwetu kuliko kwa mtu mwingine.

Kazi ya juma hili: angalieni tukio moja na watoto wenu, muulize lile swali la kwanza, na mtuletee majibu yao kwenye mkutano. Yaandikeni jinsi walivyoyasema, bila kusahihisha. Tutayasoma pamoja.



Mwalimu wenu