Vivimbe vya majani ya ndimu: tusikate mti haraka, tusigawe mche haraka



Juma lililopita mwenzetu mmoja alikuja kwenye mkutano na tawi la ndimu, amelifunga ndani ya kitenge. Majani yalijaa vivimbe kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Jirani yake alikuwa amemwambia: "Mama, mti huu umelogwa, ukate." Na mti huo ndio unaomsaidia kulipa minervali ya watoto wawili. Akatuuliza: nikate ama niache?

Tulimjibu asikate kwanza. Lakini tulipoendelea kuzungumza, tuliona kwamba swali lake linatugusa wengi, na kwamba kosa letu wenyewe limo ndani. Ndiyo sababu ukurasa wa bustani wa juma hili tumeutoa wote kwa jambo hili.

Vivimbe vinatoka wapi?

Chukueni jani lenye kivimbe, mligeuze. Juu kuna kinundu, chini yake kuna kishimo. Ndani ya kishimo hicho alikaa mtoto wa kidudu. Alifika pale jani likiwa bado changa na laini, akachoma mdomo wake na kuanza kunyonya. Jani likaendelea kukua likimzunguka, likamtengenezea kitanda. Hakuna mtu aliyeuroga mti.

Wataalamu wanakiita kidudu hiki Trioza erytreae. Kimo katika kundi kubwa la wadudu wenye mdomo kama mrija, pamoja na kunguni na vidukari. Zamani kiliwekwa katika jamaa ya Psyllidae, leo kimewekwa katika jamaa ya Triozidae. Mwitalia Del Guercio ndiye aliyekieleza katika mwaka 1918, na jina la pili linakumbusha nchi ya Eritrea. Baadaye huko Afrika Kusini kilipewa jina lingine, Trioza merwei, mpaka ikaonekana kwamba ni kidudu kile kile. Basi tusione haya kama na sisi mtaa huu unakiita hivi na mtaa ule vingine. Cha muhimu ni kukitambua kwa macho.

Maisha yake

Mkubwa wake ni mdogo sana, ana urefu wa milimita 2 hadi 4. Ana mabawa yanayopitisha mwanga, na anaponyonya anainua mgongo wa nyuma juu. Mke anataga mayai ya rangi ya manjano kwenye ukingo wa majani machanga na kwenye mshipa wa kati. Anaweza kufikisha mayai 2,000 katika maisha yake. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 6 hadi 15, kwa kadiri ya baridi au joto. Watoto ni bapa, wana nywele nyeupe za nta pembeni, na wanajibadilisha ngozi mara tano mpaka waote mabawa. Hiyo inachukua siku 17 hadi 43. Kisha wanaruka, na kishimo kinabaki kitupu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza pesa. Kivimbe kwenye jani gumu la zamani ni kama kiota kisicho na ndege. Ukinunua dawa na kupuliza majani hayo, unapuliza nyumba ambayo wenyewe walishahama. Vidudu vya leo viko kwenye machipukizi ya leo. Kwa hiyo tazameni ncha za matawi, hasa mvua za Septemba zinaporudi na miti inapochipua.

Kidudu hiki kinapenda mahali penye baridi na unyevu. Joto kali na kavu linaua mayai na watoto wadogo. Wenzetu wa Uvira, chini kwenye joto, hawasumbuliwi sawa na sisi wa Bukavu tunaokaa karibu mita 1,500 juu ya bahari. Na kati ya miti yote ya jamaa ya machungwa, ndimu ndiyo kinayoipenda zaidi.

Kivimbe si ugonjwa

Mti mkubwa wenye vivimbe unaweza kuendelea kuzaa. Hatari ni ile ambayo kidudu kinaweza kubeba mdomoni: bakteria inayoingia katika mishipa inayopitisha chakula cha mti. Ugonjwa huo unajulikana kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, tena Kenya na Tanzania. Tawi moja linakuwa manjano, kisha lingine. Matunda yanabaki madogo, yamepinda upande, sehemu ya chini inabaki kijani hata yakikomaa, na maji yake ni machungu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya.

Lakini si kila jani la manjano lina ugonjwa huo. Udongo uliochoka nao unaleta manjano. Kuna njia rahisi ya kujaribu. Chukueni kalamu ya mtoto wa shule, mchore duara upande mmoja wa mshipa wa kati, kisha duara lingine mahali sawa upande wa pili. Kama rangi ndani ya maduara mawili zinafanana, mara nyingi mti una njaa tu, leteni mbolea. Kama upande mmoja ni kijani na mwingine una mabaka ya manjano, hapo muwe na shaka na mwite agronomu.

Msiseme pia kwamba mti usio na vivimbe umepona. Kuna kidudu cha Asia, Diaphorina citri, ambacho kimeshaonekana Kenya na Tanzania. Hakiachi vishimo kwenye majani, na kinavumilia joto kuliko huyu wetu.

Kosa letu

Mwaka jana chama kiligawa miche ya machungwa kwa familia 12. Vijiti vyote vya kupandikiza tulivikata kwenye mti mmoja, kwa sababu matunda yake yalikuwa matamu. Hakuna kati yetu aliyegeuza jani. Sasa mti ule una tawi la manjano, na jaribio la kalamu limetupatia maduara yasiyofanana. Hatujui bado kama ni ugonjwa ule. Lakini tunajua kwamba kijiti kilichokatwa kwenye mti mgonjwa kinauhamisha ugonjwa hata bila kidudu kimoja. Tunawaomba radhi, wamama. Tulitaka kuwapa zawadi, na pengine tumewapa deni.

Tufanye nini?

Kwanza, familia zote 12 zifanye jaribio la kalamu kabla ya mkutano wa juma lijalo. Hakuna atakayecheka mti wa mwenzake.

Pili, msilete matawi kwenye mkutano, hata ndani ya kitenge. Kidudu kikubwa kinaweza kuruka kilomita moja na nusu kikitafuta ndimu, tusikipe na usafiri wa bure. Lile tawi la juma lililopita tulilichoma moto palepale. Sisi ndio tutakuja kwenu na agronomu.

Tatu, machipukizi yenye mayai na watoto yakateni na kuyachoma. Machipukizi marefu yanayoota kwenye shina bila faida, yatoeni pia.

Nne, agronomu akisema mti ung'olewe, kwanza vidudu vilivyo juu yake viuawe. Ukikata kabla, vitaruka vyote kwenda kwa jirani.

Tano, msinunue wala kupokea mche wenye vivimbe au manjano, hata ukitoka kwa ndugu, hata ukivuka Ruzizi kwa bei nzuri. Nasi hatutakata tena kijiti kabla mti mama haujaangaliwa.

Na msiue kila kinachoruka. Kuna nyigu mdogo sana wa Afrika, Tamarixia dryi, anayetaga yai chini ya mtoto wa kidudu hiki, na buu wake anamla. Alitolewa Afrika Kusini akapelekwa kisiwa cha Réunion, na kule kidudu kilimalizika. Hata Wahispania wamemwachia kwenye visiwa vyao vya Canary. Anayepuliza dawa kali kila juma anamuua na huyo msaidizi.

Familia itakayong'oa mti uliotoka kwetu itapata mche mwingine kutoka pepinieri ya chama, bila kulipa franka hata moja. Hilo tumelikubaliana.

Na yule mama wa kitenge? Tulienda kwake siku ya pili. Majani yake yana vivimbe, lakini ni ya kijani pande zote mbili, na matunda yana maji mazuri. Mti unabaki. Tumemwachia kalamu.