Mtaji ulio ndani ya tope

Wiki hii tuache kidogo kahawa na korosho, tutazame bidhaa ambayo haijapata kuandikwa kwenye ubao wa mnada: tope la majitaka.

Majitaka yana amonia, ambayo ikiachwa iingie mtoni huua samaki. Njia iliyozoeleka ya kuiondoa ni kupuliza hewa mpaka igeuke naitreti, kisha kuwalisha bakteria, mara nyingi kwa methanoli ya kununua, ili waigeuze kuwa gesi ya naitrojeni ipotelee angani. Umeme unalipiwa, na methanoli inalipiwa.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Delft, Uholanzi, walieleza bakteria wa aina nyingine, waitwao anamoksi. Hao huunganisha amonia na nitriti moja kwa moja. Hivyo karibu nusu tu ya amonia ndiyo inayohitaji hewa, na methanoli haihitajiki. Wakishikamana kuwa punje nyekundu huzama upesi. Maji hutoka, wao hubaki, na tangi dogo hutosha.

Kwenye karatasi hiyo ni faida tupu. Lakini bakteria hawa huchukua siku 11 hivi kuongezeka maradufu. Tangi la kwanza la kazi halisi, la mita za ujazo 70, lilianzishwa Rotterdam mwaka 2002, na ilichukua miaka 3 na nusu hivi kabla halijafikia uwezo wake. Aliyewahi kukopa benki anajua uzito wa miaka 3 na nusu ya kungoja.

Matangi yaliyofuata yaliweza kuanza haraka zaidi, kwa kuwa yalipandwa punje zilizokomaa kwingine. Kwa maoni yangu, mali iko hapo, kwenye mbegu. Zege na mabomba hupatikana popote.

Basi mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kuingia ubia wa namna hii aulize mbegu inatoka wapi, na ikifa nani atagharimia nyingine. Swali si la bure, maana nitriti ikizidi tu bakteria hao hudhoofika. Aulize pia ni maji gani yatakayosafishwa. Ya Rotterdam yalikuwa ya uvuguvugu, yaliyokamuliwa kutoka tope lililokwisha kuozeshwa, yamejaa amonia; majitaka ya kawaida ya mji wa baridi hayatatoa hesabu ileile.

Na muuzaji akikuonyesha akiba ya umeme bila ratiba ya kuanza kazi, mwambie akailete kwanza.