Ekzosi ya Zamani, Pikipiki Mpya na Mmiliki Asiyeonekana

Kila kelele za bodaboda zinapozidi mjini, kauli inayotolewa ni ileile: kamateni madereva, ng'oeni ekzosi, vijana waache uhuni. Kauli hiyo ni rahisi kutamka kwa sababu haimgusi anayeitamka. Leo nataka kuipinga, na nitaanza kwa kukiri kwamba nami ni mshitakiwa.

Sitetei kelele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na 45 usiku, kwa kuwa zinapopita hapo huambatana na madhara ya kiafya. Anayelala wodini au anayembembeleza mtoto usiku wa manane hahitaji mwongozo wowote kuelewa hilo. Tena wapo vijana wanaotoboa ekzosi kwa makusudi ili wasikike mtaa mzima. Hao wana kosa lao.

Lakini lipo kundi la pili, nalo halisemwi. Ni la wale waliofunga ekzosi iliyotumika, iliyong'olewa kwenye pikipiki ya zamani, kwa sababu ya kwao imeharibika na mpya hawaimudu. Mlio wao unafanana na wa watoboaji. Sababu yao haifanani hata kidogo.

Nina pikipiki moja niliyomkabidhi kijana kwa mkataba. Analeta hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 13, kisha pikipiki inakuwa yake. Matengenezo yote ni juu yake. Ndivyo mikataba mingi ilivyo, nami niliunakili bila kuufikiria. Wakati wa masika alianguka kwenye shimo, ekzosi ikapasuka. Akaja kwangu: "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisamehe hesabu ya siku nne ninunue ekzosi." Nikamjibu kwamba hesabu ni hesabu, atafute iliyotumika. Akatii. Fundi akamletea ekzosi ya pikipiki kuukuu, matundu ya bolti hayakulingana, akakata na kuchomelea.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha. Ekzosi ile haikuwa na bati la kukinga joto. Baada ya siku chache, abiria, binti aliyekuwa akiwahi kazini, aliunguzwa shavu la mguu wakati wa kushuka. Kijana alimlipia dawa. Wiki hiyohiyo akatozwa faini kwa kelele. Mimi sikulipa hata senti, na hesabu yangu ilifika kamili.

Tusidanganyane kwamba hilo lilikuwa jambo dogo la kiufundi. Ekzosi si bomba tupu. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mipigo, ukiwa na joto la mamia ya nyuzi. Ndani ya ekzosi kuna vyumba na mabati yenye matundu yanayoupunguza kasi na kuumeza mlio. Kipenyo na urefu wa bomba hupangwa kufuata injini. Bomba jembamba la injini ndogo likifungwa kwenye injini kubwa, moshi hubanwa, nguvu hupungua na injini huchemka. Gasketi isipokaa sawasawa, moshi huvuja pale bomba linapoungana na injini, na mlio huwa wa kupasua masikio. Ekzosi kuukuu mara nyingi imeoza kutoka ndani, maana kuungua kwa petroli huzalisha pia mvuke wa maji, nao hutuama humo injini inapopoa.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaosifu kila kiraka kuwa "ubunifu wa Kiafrika". Fundi anayepima kipenyo, anayeweka gasketi mpya, anayehakikisha mabati ya ndani ni mazima na kinga ya joto ipo, huyo ni fundi kweli, na kazi yake inastahili heshima hata kama kifaa ni cha mtumba. Lakini kuuita umaskini ubunifu ni njia ya kuukubali uendelee.

Wala mambo hayatakuwa mepesi. Nchini India, zinakotoka nyingi ya pikipiki zetu, viwango vikali vya moshi vilianza tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki nyingi za huko sasa zinapuliza mafuta kwa kompyuta, huku ekzosi zikiwa na kichujio cha kemikali na sehemu ya sensa ya oksijeni. Pikipiki za namna hiyo zitakapoenea kwetu, ekzosi ya zamani isiyo na kichujio wala nafasi ya sensa itaipotosha kompyuta katika kupima mafuta, na moshi mchafu utatoka kwenye pikipiki tuliyoambiwa ni safi. Polisi wa India nao huponda ekzosi zilizochezewa, lakini angalau serikali yao ilianza kwa kukibana kiwanda.

Sisi tunaanza na kumalizia kwa dereva. Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya makosa ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Nafuu hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilibadili kiasi tu. Anayelipa ni yuleyule. Na hiyo 10,000 ni hesabu yangu ya siku moja.

Nadai mambo matatu. Kwanza, mkataba usimbebeshe dereva matengenezo yote ya mali ambayo bado si yake. Ekzosi, breki na matairi vigawanywe na mmiliki, na faini ya ubovu wa chombo imfuate mmiliki. Pili, kelele zipimwe kwa kipimo cha desibeli, si kwa sikio la askari. Tunazo kanuni za kelele chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni isiyo na kipimo mkononi mwa askari haiwezi kutenda haki. Tatu, mafundi wa vijiweni wapewe mafunzo mafupi na orodha ya ekzosi zinazolingana, ili cha mtumba kifungwe salama.

Hesabu za siku nne nimezirudisha. Kijana amefunga ekzosi inayolingana na injini yake, nasi tumeuandika upya mkataba wetu. Wenzangu wenye pikipiki, wengi tukiwa watu wa ofisini na wa madarasani, nawauliza: mkataba wenu unasema nini? Mchimba kisima hakatazwi maji, na asiyelipia ekzosi hana haki ya kulalamikia mlio wake.