Nani Aliyempa Moi Ushindi?
Wapo wanaosema hadi leo kwamba upinzani wa Kenya ulishindwa Desemba 1992 kwa wizi wa kura tu. Hila hatuzikani, wala hatuwasahau vijana walionyimwa vitambulisho. Lakini tuhesabu, ndugu wapendwa. Moi hakufikisha asilimia 37. Matiba alipata takriban 26, Kibaki 19, Odinga 17; yaani wengi walimkataa Rais, naye akaapishwa! Matiba na Odinga walikuwa chama kimoja, FORD, hadi tamaa ya kiti ikakipasua. Mwaka 1997 wapinzani wakagawanyika tena, Moi akapita kwa asilimia 40. Walipoungana mwaka 2002, Kibaki alivuka 60. Wanaolaumu masanduku peke yake watueleze hilo liliwezekanaje.