Ndoa ya noti na biti

Wiki hii tunahamia Ihumwa, nje kidogo ya katikati ya jiji la Dodoma, jirani na Mtumba kwenye mji wa Serikali. Kuna mshikaji wa huko, prodyuza wa chumbani, ameniletea kesi. Mjomba wake ni mwalimu wa kwaya, anaandika noti za sauti zote nne kwenye kompyuta kwa MuseScore. Kijana naye anapika biti kwa FL Studio, kompyuta hiyohiyo. Balaa ni kwamba mjomba akibadili noti mbili tatu, kijana anaanza upya kuutafuta wimbo kwenye kinanda kwa kusikiliza. Wanakwaya wameshachanga hela ya studio mjini, na wawili hawa wameanza kununiana.

Jamani, kazi ya punda yote hiyo ya nini?

Toka mwaka 1983 vyombo vya muziki vya umeme vina lugha yao, inaitwa MIDI. Ndani yake hamna sauti hata chembe, ni amri tupu: bonyeza noti fulani, kwa nguvu kadhaa kati ya 0 na 127, halafu iachie. Programu ya noti inaijua lugha hiyo. Sikwensa, yaani FL Studio, Cubase na ndugu zao, inaijua pia. Kwa hiyo ni suala la kuwakutanisha tu.

Njia nyepesi ni faili. Mjomba akimaliza anasevu kama faili la MIDI, kijana analifungua kwenye sikwensa, na kila sauti inakuja peke yake, mradi mjomba aliipa mistari yake. Kurudi nyuma ndiko kwenye kasheshe. Kijana akipiga kwa mkono halafu akapeleka kwenye noti, kompyuta inaandika kila kuchelewa na kila kuwahi, ukurasa unakuwa kama uzi uliochezewa na paka. Anyooshe mapigo kwanza ndani ya sikwensa, ndipo apeleke.

Njia ya pili ni waya wa uongo. Kwenye Windows kuna kiprogramu kinaitwa loopMIDI, kwenye Mac umo tayari kwa jina la IAC. Unafungua mlango mmoja: programu ya noti inatolea humo (angalia kama toleo lako linaruhusu kutoa MIDI nje), sikwensa inapokelea humo. Mjomba akibonyeza kupiga, noti zake zinaliza ala za kijana papo hapo. Ila zima sauti ya programu ya noti, maana mbili zikigombea kadi moja ya sauti unaweza kuambulia kimya au mikwaruzo. Na sikwensa isirudishe amri kwenye mlango uleule, zitazunguka mpaka kompyuta igande. Ukikutana na ushauri wa ReWire, upite tu. Waya huo ulizaliwa 1998 na wenyewe wakauacha mwishoni mwa 2020.

Mshikaji wangu alifanya hayo, akadhani kesi imekwisha. Mjomba akasikiliza wimbo wa Kigogo ukitoka kwenye spika, akatikisa kichwa: "Mjomba, huu siyo wa kwetu." (Si mnajua, mjomba na mpwa huitana mjomba kwa mjomba.)

Na mzee ana haki. Kinanda kimegawa oktavu vipande 12 vinavyolingana. Ilimba ya Wagogo, ile aliyotembea nayo dunia marehemu Hukwe Zawose mpaka alipofariki mwaka 2003, inafuata sauti za asili, zile unazozipata ukiugusa uzi wa zeze kwa wepesi bila kuukandamiza. Ya saba kati ya hizo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu senti 31. Senti hizi si za shilingi: kutoka noti moja ya kinanda hadi jirani yake ni senti 100. Karibu theluthi imepotea hapo, halafu unataka sikio la Mgogo lisishtuke?

Dawa ipo. Mjomba azitoe noti hizo za saba, aziweke kwenye mistari yake ya pembeni, zisafiri kwa chaneli yake. MIDI ina chaneli 16, nafasi ipo tele. Kijana aipe chaneli hiyo ala yake na kuishusha senti 31, kisha mjomba aongeze au apunguze kwa sikio. Mabadiliko yote ya noti yaanzie kwa mjomba. Ngoma, besi na mbwembwe nyingine, hapo mzee amwachie kijana. Karatasi za wanakwaya zibaki na noti za kawaida, hakuna haja ya kuwafundisha kwa senti sauti waliyokua nayo.

Waanze na wimbo mmoja hapohapo nyumbani, kabla michango ya watu haijaanza kuliwa na saa za studio.